Mnatuita tuchangie msimbo, kisha mnafuta majina yetu

Ndugu zangu wa humu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna mradi mmoja wa programu huria (programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha) hapa Kampala, jina sitalitaja, unaoendesha tovuti ya kukusanya makala za wanablogu wa Uganda. Unafungua ukurasa mmoja tu, unaona nani kaandika nini leo, kuanzia Arua mpaka Kabale. Wazo zuri kabisa, nami nalipenda hadi sasa. Msimbo wake wote uko wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuchangia msimbo, kwa leseni ya MIT, na wasimamizi hawachoki kutuhimiza mikutanoni na kwenye makundi ya WhatsApp: njooni vijana, mradi ni wenu, changieni.

Basi nikachangia. Badiliko langu limeingia kwenye tovuti, linafanya kazi hivi ninavyoandika, na jina lililowekwa juu yake ni la msimamizi.

Nieleze taratibu, asije mtu akasema nazusha.

Tovuti ya aina hii haiandiki chochote yenyewe. Kila blogu ina faili la mlisho, RSS au Atom, yaani orodha ya makala mpya na vichwa vyake, viungo na tarehe. Tovuti inapita kwenye milisho yote, inasoma, inapanga makala kwa tarehe. Sasa kuna watu waliokuwa wanaweka tarehe ya mbele ili makala yao ing'ang'anie juu ya ukurasa, ndiyo maana mradi huu unaficha makala yoyote ambayo muda wake haujafika. Hapo sina neno. Shida ni kwamba mlisho ukileta saa bila kusema ni saa za wapi, programu inazichukua kuwa ni za UTC, yaani saa za kimataifa za marejeo, na sisi huku tuko saa tatu mbele ya UTC. Ukichapisha saa moja asubuhi, programu inadhani umechapisha saa nne, inasubiri saa nne ifike ndipo ikuonyeshe.

Wanaotumia WordPress hawaijui adha hii, maana WordPress inaandika tofauti ya saa yenyewe. Atom nayo, tangu ilipopitishwa kuwa kiwango mwaka 2005, haikubali tarehe isiyo na tofauti hiyo. Wanaoumia ni wenye RSS waliyoiunda kwa mikono yao, kwenye vitovuti walivyojijengea kwa simu na laptopu za kuazima. Mmoja wao ni kijana Mkongo aliyeko makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Anaandika kwa Kiswahili bei za mahindi na maharage za sokoni, kila siku mapema. Bei ya saa moja ikionekana saa nne inamfaa nani? Mnunuzi kashapakia, lori limeondoka. Kijana huyo ndiye aliyeripoti tatizo kwenye orodha ya mradi. Likakaa, likakaa, mwishowe roboti, yaani programu ya mradi inayofunga ripoti yenyewe, ikalifunga kwa sababu eti halina shughuli. Hakuna binadamu hata mmoja aliyemjibu.

Mimi nikalichukua. Nikaongeza sehemu ya kuwekea saa za kila blogu, ya kawaida ikiwa Africa/Kampala, na mlisho unaotaja saa zake wenyewe ukaachwa ulivyo. Nikaandika na majaribio: tarehe yenye tofauti ya saa, isiyo nayo, na ile yenye siku tupu bila saa. Yote yakapita. Kwa wasiojua kazi hii, kuendesha mradi kama huo kwenye mashine yako maana yake ni kupakua maktaba zake zote, yaani msimbo wa wengine ambao mradi unautegemea, kwa bando lako mwenyewe. Na bando la Uganda linakatwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, uliokuja baada ya ile shilingi 200 ya kila siku tuliyoanza kutozwa 2018 kwa kuingia mitandao ya kijamii. Stima ikikatika katikati ya upakuaji, unaanza upya. Sisemi haya nihurumiwe. Nasema ili wanaotuambia kuchangia ni bure wajue bure hiyo inalipwa na nani.

Nikatuma ombi la kuunganisha, yaani kuwaomba wasimamizi waingize badiliko langu kwenye mradi. Kimya. Nikakumbusha kwa adabu, nikaambiwa asante, tutaangalia. Kimya tena. Halafu siku moja nakuta ombi limefungwa bila maelezo, na kwenye kumbukumbu za mradi kuna badiliko jipya, la msimamizi, linalorekebisha saa za milisho. Nikalifungua. Mpangilio ule ule, majaribio yale yale kwa mfuatano ule ule. Hata kigezo nilichokiita saa_ya_blogu kimebaki hivyo hivyo, ndani ya mradi ambao vigezo vyake vingine vyote ni vya Kiingereza!

Wasiniambie ni bahati mbaya ya mitambo. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, imetengenezwa tangu 2005 kwa kazi hii hii ya watu wengi kutumiana mabadiliko, na ndiyo sababu kila badiliko linabeba majina mawili: la aliyeandika na la aliyeingiza. Ukitumia amri ya kuchukua badiliko kutoka tawi la mwenzako, yaani nakala anayofanyia kazi, jina la mwandishi linakuja lenyewe, huhitaji kufanya lolote. Ulitaka kurekebisha kidogo kabla ya kuingiza? Kuna mstari wa kumtaja mwandishi mwenza chini ya ujumbe, GitHub inautambua tangu 2018. Ili jina langu lipotee ilibidi mtu anakili msimbo wangu, aubandike kwenye faili lake, auingize kama wake. Hiyo ni kazi ya makusudi.

Na leseni isitumiwe kama kichaka. Nilikubali msimbo wangu utumike kwa masharti ya MIT: mtu yeyote autumie, aubadilishe, hata auuze. MIT yenyewe inataka tangazo la hakimiliki libaki. Haijampa mtu ruhusa ya kusema kaandika asichoandika. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inahesabu programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa, na inampa mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeandika.

Najua wasimamizi wanachoka. Wote tunakumbuka Hacktoberfest ya 2020, ile kampeni ya Oktoba iliyowazawadia waliochangia programu huria, watu walivyomwaga maombi ya ovyo kwa ajili ya fulana, anaongeza neno moja kwenye maelezo na kudai kachangia, mpaka waandaaji wakalazimika kuruhusu miradi iliyojiandikisha peke yake. Anayejitolea kusimamia mradi jioni baada ya kazi namheshimu. Akikataa ombi langu kwa sababu ya maana, namshukuru. Lakini kuchoka hakujawahi kumlazimisha mtu kunakili.

Kinachoniuma zaidi ni vijana waliotoka mikutanoni wakiamini. Kijana wa Kawempe asiye na mjomba ofisini, akiomba kazi au nafasi kwenye mpango kama Outreachy, wa mafunzo ya kulipwa kwenye programu huria, cha kuonyesha ni kumbukumbu za michango yake, hana kingine. Ukimfutia jina umemfutia cheti chake. Na wanaotutendea hivi ni ndugu zetu wa hapa hapa, wanaopanda jukwaani kulalamika kwamba Waafrika hatuonekani kwenye programu huria.

Ninachotaka ni kidogo. Liondoeni badiliko lile, mwingize langu kama lilivyo na jina langu. Ni amri mbili, na siombi mfute historia ya mradi, kwa kuwa najua hilo litavuruga nakala za watu wote. Mumjibu kijana wa Nakivale kwenye tatizo lake, kwa jina lake, kwamba limetatuliwa. Na ile roboti izimwe, au isifunge ripoti ambayo hakuna mtu aliyeisoma.

NYONGEZA: Kuna aliyeniambia hapo chini niache njaa ya jina, eti kazi ya jamii haina mwenyewe. Bwana, fungua ghala la mradi huo usome kumbukumbu zake: kila badiliko la wasimamizi lina jina kamili na anwani ya barua pepe. Wao hawajaiacha njaa hiyo. Na mwingine kauliza kwa nini sinakili mradi nianzishe wangu. Leseni inaruhusu, lakini wanablogu wako kule na wasomaji wako kule, sitaki kuwagawa kwa kosa la mtu mmoja. Kama wewe nawe ombi lako lilifungwa kimya kimya, nenda ukalinganishe msimbo wako na mabadiliko yaliyofuata, kisha weka viungo vyote viwili hapa tuvione.