Tupeane uzoefu: nani amejiweka ndani ya kisa cha Maandiko ili ashinde tabia iliyomsumbua?

Ndugu zangu, naanza mimi. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa vinyongo. Mdogo wangu alirithishwa kiwanja cha nyumbani ilhali mimi ndiye niliyewauguza wazazi, na kila nilipokwenda kijijini nilipita mlangoni pake bila kubisha hodi. Niliungama jambo hilo mara nyingi, nikatoka kanisani nikiwa nalo vilevile.

Katika mafungo fulani ya kiroho, padre alitufundisha njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yule askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521, ambaye akiwa kitandani aligundua kwamba ndoto za ushujaa wa vita zilimfurahisha kwa kitambo na kumwacha mkavu, lakini alipojiwazia akiishi kama watakatifu, furaha ilibaki hata mawazo yalipokwisha. Unasoma kisa polepole, kisha unajiweka mahali penyewe, ukitazama, ukisikiliza, hata ukinusa.

Nilipewa Luka 15. Nilidhani nitakuwa mwana mpotevu, kwa kuwa ndiye anayehubiriwa kila mara, lakini nikajikuta nje ya nyumba, nasikia nyimbo, nanusa nyama ya ndama, na miguu yangu haitaki kuingia. Kilichonishtua ni kwamba baba alitoka kumsihi yule kaka mkubwa aliyekataa kuingia kwenye karamu ya mdogo wake, na Luka hasemi kama hatimaye aliingia. Nilirudia kisa hicho kila jioni Kwaresima nzima. Jioni nyingine sikupata chochote ila usingizi. Baada ya Pasaka nilibisha hodi kwa mdogo wangu, tukanywa chai, na kiwanja hakuna aliyekitaja. Kinyongo bado hunirudia, hasa msimu wa kupanda.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni Mlutheri, na nilianza kwa mashaka, kwa sababu akili ikiachiwa huongeza yasiyoandikwa. Kwa hiyo huwaza kile tu ambacho mstari unakitaja. Katika Marko 10, kipofu Bartimayo, akiitwa na Yesu, analitupa vazi lake kabla hajapata kuona. Tabia yangu ni kujibu watu kwa ukali, na ninapohisi neno linapanda kooni, hujaribu kuliona lile vazi likianguka vumbini. Mara nyingi huwa nimeshachelewa.

Mchangiaji wa tatu:
Inyasi alishauri pia kuchagua kasoro moja tu, kuweka mkono kifuani kila unapoanguka, na mchana na jioni kutia kwenye mstari nukta moja kwa kila anguko. Mimi hutia nukta kwenye kalenda ya ukutani. Mke wangu alidhani nahesabu madeni.

Mchangiaji wa nne:
Mimi ni Mwislamu, na sura ya nabii sijichorei akilini, huiwazia milango. Katika Surat Yusuf, mke wa bwana wake anamtaka Yusuf chumbani na milango imekwisha kufungwa, na Yusuf anaikimbilia hivyohivyo, jambo ambalo nililisoma tangu madrasa bila kulitafakari. Chumba changu ni simu saa nane za usiku, na mambo ninayoyatazama humo sitayaeleza hapa. Nikiukumbuka ule mlango huinuka, hata kama ni kwenda tu kutia udhu, na kuna usiku ambao nimetia udhu mara tatu.