PESA HAINA RIVASI!!! Wale jamaa wamenilia 14,200 halafu wakanicheka

BabaPloti_Kasarani:

Nimetoka huko saa hii. Naandika nikiwa kwa matatu, bado inajaza, mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukaruka msinisahihishe.

Ofisi sitaji. Mnaijua. Mbwa wa jirani yangu akisikia jina lake anaingia chini ya tangi.

Mwezi wa tatu nililipa kodi ya ardhi ya hapa Nairobi kwa simu, kabla ya tarehe 31, kama mtoto mwema. 14,200. Ujumbe haukuja. Nikangoja dakika kumi, nikasema haijaenda, nikalipa tena. Mara jumbe mbili zikaingia pamoja, zimeshikana mikono kama wachumba. Basi leo nimeenda kuomba ile ya pili. Siombi mchango wa harusi, naomba yangu.

Dirisha la kwanza wakanituma la nne, la nne wakanituma la saba. Hapo la saba kuna jamaa anakula njugu. Amezifunga kwa karatasi, anazisugua kiganjani, anapuliza maganda, na maganda yanatua kwa risiti yangu. Anasoma risiti. Anapuliza. Anasoma tena. Halafu, bila hata kuinua uso: "Mzee, gari ndio iko na rivasi. Pesa haina rivasi."

PESA. HAINA. RIVASI.

Mama wa dirisha la sita alicheka mpaka akapiga meza.

Nikamuuliza, si basi muihesabu iwe ya mwaka ujao? Akapuliza maganda. Mkubwa wako yuko wapi? Ameenda semina. Semina ya nini? "Ya kuhudumia wananchi." Naapa kwa kaburi la nyanya yangu.

Na bado. Nikiwa kwa ngazi nateremka, simu ikalia. Ujumbe, kutoka kwa hao hao! Ati wenye madeni ya miaka ya nyuma wamesamehewa riba yote, asilimia 100, njooni mlipe. Jirani yangu hajalipa tangu mtoto wake azaliwe, na huyo mtoto siku hizi ananyoa ndevu. Riba ya asilimia 3 kila mwezi ilikuwa imezaa mpaka wajukuu. Yeye amefutiwa. Mimi niliyelipa MARA MBILI ndio nafundishwa udereva. Kumbe rivasi iko, ni mimi tu sijui gia!

Binamu yangu yuko Leicester. 2022, gesi na umeme vilipopanda huko, kaunsili, yaani serikali ya mtaa, iliwarudishia pauni 150 kila nyumba ya daraja A hadi D, zile za thamani ya chini kwa kodi yao. Yake iliingia benki akiwa amelala. Kwa wakati ule ilikuwa kama elfu ishirini na mbili za kwetu. Aliponiambia nilidhani baridi imempanda kichwani.

Risiti ninayo hapa. Na maganda. Nimeyabeba kama ushahidi.

Shemeji_wa_Kayole:
Rivasi!! Nimecheka mpaka bosi ametoka ofisini kwake kuniangalia. Huyo jamaa wa njugu apandishwe cheo.

WakiliBilaCheti:
Mleta uzi, usipotoshe watu na Leicester. Pesa hiyo ilitoka serikali kuu ya Uingereza, kaunsili zilipewa tu zigawe. Na walioingiziwa benki bila kuuliza ni wale ambao kodi yao ilikuwa ikikatwa moja kwa moja kwa akaunti. Wengi wa waliobaki walijaza fomu. Tena hayo madaraja yanahesabiwa kwa bei za nyumba za 1991. Huko nako ni makumbusho.

BabaPloti_Kasarani:
Wakili, binamu yangu alipuliziwa maganda? HAKUPULIZIWA. Kaa chini.

Mjukuu_wa_Mathare:
1991 ni juzi. Hapa tumelipa miaka na mikaka kwa orodha ya thamani ya ardhi ya 1980, Moi akiwa bado mgeni kwa kiti. Siku mtakapohesabiwa bei kamili ya leo, mtauza ploti mlipe kodi ya ploti hiyo hiyo. Nyamazeni wasitusikie.

Malkia_wa_Pipeline:
Nyinyi wenye ploti mnajisifu kwa njia ya kulia. Sisi wapangaji tufungue uzi upi? Mwenye nyumba wangu akiongezewa shilingi moja huko, mimi naongezewa elfu. Na maji bado ni Jumanne na Ijumaa.

ProboxMweupe:
Afadhali wewe umeambiwa kwa mdomo. Mimi vijana wa mnyororo, wale wa maegesho, walifunga gurudumu nikiwa NDANI. Nimekaa, injini inanguruma, maegesho nimelipa. Kijana anagonga kioo: "Shuka tuongee." Sasa rivasi ninayo, gari ndio haiendi.

MzeeWaRonga:
Hata huku Rongai tunateseka hivyo hivyo.

Shemeji_wa_Kayole:
Rongai ni Kajiado, mzee. Huu uzi ni wa Nairobi.

MzeeWaRonga:
Naamka saa tisa usiku kwa sababu ya Nairobi, natumia pesa yangu yote Nairobi, Kajiado nalala masaa manne. Kwa hivyo mimi ni wa wapi?

Malkia_wa_Pipeline:
Wa barabarani.

BabaPloti_Kasarani:
Jamani, turudi kwa 14,200 yangu. Kuna mtu HAPA amewahi kurudishiwa? Hata mmoja?

Mjukuu_wa_Mathare:
Shangazi yangu alifunguliwa faili.

BabaPloti_Kasarani:
Ikawaje?

Mjukuu_wa_Mathare:
Faili iko na afya njema. Shangazi ndio sasa anatembea na mkongojo.

ProboxMweupe:
Swali la maana: hizo njugu zilikuwa za pakiti ama za kupimiwa?

BabaPloti_Kasarani:
Za karatasi, nimesema. Unasoma ama unakula?

ProboxMweupe:
Za kumi?

Malkia_wa_Pipeline:
Njugu za kumi uliziona wapi? Siku hizi hata za ishirini unapewa za kuonjesha ulimi.

WakiliBilaCheti:
Kuna mama hapo stendi ya Ambassadeur, katikati ya mji, bado anapima vizuri. Anaweka chumvi kidogo, na anazichambua mwenyewe. Hakuna maganda kabisa.

BabaPloti_Kasarani:
Upande gani wa Ambassadeur? Matatu bado inajaza, nashuka.