Mjadala: Kila mtoto wa darasa la kwanza apimwe mkojo?

Wadau, kuna hoja kwamba kila mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza apimwe mkojo, ili matatizo ya figo yagundulike mapema. Mimi ni mama wa mtoto aliyeugua figo, na hoja hiyo naipinga.

Mwanangu alikuwa na miaka minne. Akawa anaamka macho yamevimba, ikifika mchana uvimbe umeshuka. Zahanati wakasema ni aleji, tukapewa dawa ya maji. Wiki ya tatu tumbo likajaa, miguu ukiibonyeza inabaki shimo. Tulipofika hospitali, muuguzi alichovya kijiti kwenye mkojo kikageuka kijani palepale. Protini imejaa, yaani figo zilikuwa zinaivujisha kwenye mkojo.

Sasa, kama angepimwa mwezi mmoja kabla, huenda angeonekana mzima kabisa, maana ugonjwa wa aina ile huja ghafla. Tulichokosa ni kile kijiti siku ya kwanza alipovimba.

Wanaotaja Japani nawaelewa. Kule wanafunzi hupimwa mkojo shuleni tangu 1974, na wapo wanaogunduliwa figo zikiwa zinaharibika kimyakimya. Lakini Mjapani akikutwa na protini ana pa kwenda: mkojo wa asubuhi unarudiwa, damu inapimwa, daktari wa figo yupo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani chenyewe kilikiondoa kipimo hiki kwenye ratiba ya kawaida mwaka 2007. Mtoto akikimbia sana au akiwa na homa, protini inaweza kuonekana, ukirudia haipo. Mzazi wa Tandahimba akiambiwa mwanawe ana protini, nauli ya kurudi na kurudi hospitali ya mkoa ataitoa wapi? Na huo usiku atalala?

Sehemu zenye kichocho, kama Shinyanga na Pemba, nazitenga. Huko damu kwenye mkojo wa mtoto ina maana, kichocho kikiachwa huziba njia ya mkojo na kuumiza figo, na tiba ni vidonge vya praziquantel vya siku moja tu. Huko pimeni hata kesho.

Wahudumu wa zahanati mliomo humu, naomba mnijibu: mtoto akiletwa asubuhi macho yamevimba, vijiti vya mkojo mnavyo? Kama hamna, vinakwama wapi?