Feni ya maji ilifaa Nakuru, Kisumu inaacha shuka mbichi. Shida ni nini?

Mpangaji_Kondele
Wadau, hamjambo. Hii feni ya kujazwa maji kwenye tangi Nakuru ilipoza vizuri. Hapa Kisumu jasho halikauki na shuka zinabaki mbichi. Chumba ni kimoja, mabati bila silingi, dirisha moja. Pedi inayoloweshwa maji ni safi, pampu inasukuma. Niongeze barafu?

Fundi_Baridi
Mashine ni nzima, ndugu. Tatizo ni hewa. Feni hiyo hupoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, na hewa iliyoshiba mvuke haipokei mwingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 30, maji yanaweza kuishusha hadi karibu 18. Unyevu ukiwa asilimia 70, haishuki chini ya 25 na nusu. Pedi nayo, tuseme, inafikia asilimia 70 ya mshuko huo: hewa inashuka kwa nyuzi 8 pakavu, 3 penye unyevu. Halafu mvuke unaobaki chumbani unazuia jasho kukauka, na jasho ndilo linalokupoza.

Barafu ni kupoteza pesa. Kilo moja ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334. Kilo ya maji ikigeuka mvuke hunyonya karibu 2,400.

Pima kwanza. Tafuta vipimajoto viwili, kimoja ukivalishe nchani kipande cha kamba ya kiatu ya pamba iliyoloweshwa. Viweke mbele ya feni, pampu ikiwa imezimwa, dakika 5. Vikipishana nyuzi 8 au zaidi, tia maji. Chini ya 5, tumia upepo mtupu bila maji. Kamba ikianza kukauka kipimo kitakudanganya.

Upepo_wa_Dunga
Ila Kisumu si mbichi saa zote. Mchana wa Januari na Februari hewa hukauka, na feni hiyo husaidia mradi dirisha liwe wazi. Wengi hulifunga, mvuke ukakosa pa kutokea. Usiku hewa ikipoa, unyevu hupanda hata bila mvuke kuongezeka.

Upepo wa mchana hutoka ziwani, usiku hugeuka kutoka nchi kavu. Jua likizama mabati hupoa upesi, lakini kuta za mawe huendelea kutoa joto. Nje kukishapoa kuliko ndani, elekeza feni dirishani itoe hewa nje, mlango ukiwa wazi, mpaka saa ya kulala. Kisha igeuze kitandani, isizidi mita moja, maana neti hupunguza upepo sana.

Mpangaji_Kondele
Nimepima saa mbili usiku: kikavu 27, chenye kamba 24. Pampu nimezima. Na mabati je?

Fundi_Baridi
Hapo ni upepo mtupu. Kwa mabati, weka silingi. Bati la moto hukuchoma kichwani kama jiko, na feni haizuii hilo. Acha matundu pande mbili juu ya silingi hewa ya moto itoke. Ukiweka karatasi ya alumini inayong'aa, isiguse bati: ikigusa inapitisha joto moja kwa moja. Mwenye nyumba akikataa silingi, mwombe rangi nyeupe ya paa. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya kwanza, la sivyo rangi itabanduka.