Kesi imekwama serikali kuu ya Marekani: aandikiwe mbunge au seneta, na apelekewe nini?

Mkereketwa77

Wakuu, habari zenu. Naomba mwongozo wa mtu anayeijua njia hii kwa undani. Mhusika anaishi Marekani, ana grini kadi (kibali cha ukazi wa kudumu), aliomba uraia kwa fomu N-400. Usaili ulifanyika tarehe 14 Januari, mtihani akafaulu, lakini karatasi ya matokeo ya usaili, N-652, aliyokabidhiwa siku ile imewekwa alama kwamba uamuzi bado. Sasa ni katikati ya Juni. Kesi haina wakili.

Nasikia ofisi ya mbunge au seneta inaweza kuuliza USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, kwa niaba yake. Je, asiye raia anahudumiwa? Aandike kwa nani, na apeleke karatasi gani? Na kuna hatari ya maafisa kukasirika na kumnyima?

Karani_wa_Faili

Anahudumiwa. Kinachoangaliwa ni anakoishi, si pasipoti yake wala kama anapiga kura. Kila mkazi wa majimbo 50 ana watu watatu wa kuwaendea: mbunge mmoja wa wilaya yake ya uchaguzi na maseneta wawili wa jimbo lake. Mbunge hupatikana kwa kuingiza ZIP code (namba ya posta ya anakoishi) kwenye house.gov. ZIP ikigawanyika kati ya wilaya mbili, tovuti itadai anwani kamili, na aiandike hiyohiyo iliyo kwenye faili la USCIS. Tovuti halali zinaishia na house.gov au senate.gov. Huduma ni bure. Anayedai pesa ili "akufikishe kwa mbunge" ni tapeli.

Apige simu ofisi ya wilayani, asipige ya Washington. Wanaoshughulikia kesi za wakazi wengi wako huko wilayani, na ndio wenye mawasiliano na dawati la USCIS linalojibu maswali ya Bunge. Aseme tu: "Nina tatizo na USCIS, naomba fomu ya ridhaa ya faragha."

Fomu hiyo ndiyo roho ya jambo zima. Sheria ya Faragha ya 1974 inaizuia idara kutoa habari za mtu bila ridhaa yake ya maandishi, hata anayeuliza akiwa seneta. Fomu ikiwa na kasoro, idara hairuhusiwi kusema chochote, na wiki kadhaa zinapotea kwa kosa la dakika moja. Makosa yanayorudisha fomu ni yaleyale kila siku:

Jina. Watu wetu wana majina matatu au manne, na faili la uhamiaji huenda limeyapanga tofauti na leseni ya udereva. Aandike kama lilivyo kwenye notisi ya risiti (barua ya USCIS ya kukiri kupokea ombi), hata kama limekosewa, kisha tahajia sahihi aitaje kwenye maelezo.

Tarehe ya kuzaliwa. Marekani mwezi hutangulia. Aliyezaliwa tarehe 3 Julai akiandika 03/07, wao wanasoma Machi 7, na mtu huyo hayumo kwenye mfumo. Mwezi uandikwe kwa maneno.

Namba ya risiti. Ni herufi tatu na tarakimu 10. Zinazoanza na IOE, hiyo ya katikati ni herufi O, si sifuri. Aongeze na namba ya mgeni, ile inayoanza na A, ipo kwenye grini kadi.

Saini. Kuchapa jina kwa kompyuta mahali pa saini si saini. Ofisi nyingine zina mfumo wao wa kusaini mtandaoni, nyingine zinataka wino, kwa hiyo afuate maelekezo ya ofisi husika na aweke tarehe. Na lazima asaini mwenye ombi. Kwa N-400 ni mwombaji mwenyewe. Kwa I-130, fomu ya kumwombea ndugu, ni yule aliyemwombea ndugu au mwenzi wake, si yule anayesubiri Mombasa au Mwanza. Hapo ndipo familia nyingi zinakwama: mke aliye nyumbani anasaini, mume aliyeomba hasaini, fomu inarudi.

Kuhusu kukasirisha maafisa, aondoe shaka. Maswali ya aina hii ni kazi ya kawaida kwao, wana watu walioajiriwa kuyajibu.

Bint_Mrima

Awaandikie wote watatu siku moja, atakayewahi kujibu ndiye huyohuyo. Ndivyo wengi wanavyofanya.

Karani_wa_Faili

Dada Bint_Mrima, hapo naomba tusimpoteze mtu. Maswali matatu yanaishia kwenye dawati lilelile, na jibu linalotoka ni moja. Ofisi ikigundua mwenzake ameshaanza, mara nyingi inasimama na kumwachia yeye. Ndiyo maana fomu nyingi zina swali: "Je, umewasiliana na ofisi nyingine ya Bunge?" Achague mmoja, ampe siku 30 hadi 45, kisha kama kimya kimezidi aiarifu ofisi hiyo kwamba anahamia kwa seneta.

Kuchagua nani? Kwa kesi ya kawaida ningeanza na mbunge, kwa sababu ana wakazi wachache kuliko seneta wa jimbo kubwa. Ila kama mbunge anamaliza muda wake, nenda kwa seneta. Bunge jipya huanza Januari 3, na mafaili ya kesi ni mali ya mbunge anayeondoka, hayahamii kwa mrithi wake yenyewe. Mhusika hulazimika kusaini fomu upya.

Shauri_Moyo

Naongeza upande wa mipaka, maana watu hutegemea makubwa. Ofisi ya mbunge inauliza, inakumbusha, inaomba kesi iharakishwe pale sababu ipo. Haiwezi kuamuru kesi ikubaliwe, na haitoi ushauri wa kisheria. Kesi iliyo mbele ya jaji wa uhamiaji wataulizia hali yake tu, hawagusi uamuzi. Viza ubalozini ni uamuzi wa afisa wa konseli. Ofisi inaweza kuuliza kwa nini kesi imekaa kwenye 221(g), yaani viza imezuiwa kwa muda, na karatasi gani imekosekana, basi.

Na hili likumbukwe: swali la mbunge halisimamishi saa. Barua ya kuombwa ushahidi ina tarehe yake ya mwisho, ijibiwe ndani ya tarehe hiyo. Kunyimwa mafao ya Social Security (hifadhi ya jamii) kuna siku 60 za kukata rufaa tangu barua ipokelewe, na wao huhesabu kwamba barua imefika siku ya 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Uamuzi wa VA, idara ya waliokuwa wanajeshi, kwa kawaida rufaa yake ni ndani ya mwaka 1. Anayekaa akisubiri majibu ya seneta huku rufaa haijapelekwa anaumia vibaya, na hakuna atakayemrudishia muda huo.

Kwa mhusika wa swali: siku 120 tangu usaili zilitimia Mei 14. Baada ya hapo sheria inampa haki ya kwenda mahakama ya wilaya ya serikali kuu kuomba iamue au iiagize USCIS iamue. Hiyo ni kazi ya wakili, si ya mbunge, ila aijue tarehe hiyo na aitaje kwenye barua.

Mwana_Kodi

Idara nyingine kwa ufupi. IRS (mamlaka ya kodi): waliojaza kodi pamoja, mume na mke wasaini wote wawili, na miaka ya kodi itajwe mmojammoja. Maswali mengi ya wabunge kuhusu kodi hupelekwa kwa Taxpayer Advocate, kitengo cha IRS cha kuwatetea walipa kodi, na huko unaweza kwenda mwenyewe kwa Fomu 911 kama kuchelewa kunakuletea shida ya kifedha.

Pasipoti: ukiwa na safari ndani ya siku 14, usitume barua, piga simu ofisini asubuhi. Uwe na namba ya ombi, tarehe ya kuzaliwa na tiketi mkononi.

Leseni ya udereva, mafao ya kukosa kazi, SNAP (msaada wa chakula) na Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) vinaendeshwa na jimbo. Hayo yaende kwa mwakilishi wa bunge la jimbo. Ukiyapeleka kwa mbunge wa Washington atakuelekeza hukohuko, na wiki imekwisha.

Mkereketwa77

Asanteni sana. Maelezo ya kuambatanisha na fomu yawe marefu kiasi gani?

Karani_wa_Faili

Nusu ukurasa, kwa Kiingereza, tarehe kwa mfuatano. Asisimulie uchungu wa kusubiri, anayesoma anatafuta tarehe na ombi moja lililo wazi. Maana yake iwe hivi:

"Nilifanya usaili wa N-400 tarehe 14 Januari na kufaulu mtihani. Nilipewa N-652 isemayo uamuzi bado. Siku 120 zilitimia 14 Mei. Sijaombwa ushahidi wa ziada, anwani yangu haijabadilika. Nilipiga simu USCIS tarehe (ataje) na kupewa namba ya ombi la huduma (ataje). Naomba ofisi yako iulize ni nini kinachozuia uamuzi, na kama kuna karatasi inayotakiwa kutoka kwangu."

Aambatanishe nakala za notisi ya risiti, N-652, na grini kadi mbele na nyuma. Nakala tu, asitume asili.

Ile sentensi ya anwani asiiandike kwa mazoea. Kama amehama, taarifa kwa USCIS hutakiwa ndani ya siku 10 kwa fomu ya kubadilisha anwani, AR-11, na kubadilisha anwani posta hakutoshi. Kesi nyingine "zilizokwama" ni notisi iliyokwenda nyumba ya zamani. Akague akaunti yake ya mtandaoni sehemu ya nyaraka kabla ya kutuma chochote.

Jibu la USCIS litakwenda ofisi ya mbunge, si kwake. La kwanza mara nyingi ni mstari mmoja: "ukaguzi wa usalama unaendelea." Hapo amwombe mhudumu wa kesi aulize tena baada ya siku 30 au 60, waandike tarehe hiyo wote wawili, na yeye ndiye apige simu siku ikifika.