Darasa moja, tahasusi (michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita) tofauti: mnawapaje moyo wanafunzi wa chuo? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Wakuu, habari za leo. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Nina waliotoka EGM (uchumi, jiografia, hesabu), wa CBG (kemia, biolojia, jiografia) wenye BAM yao, yaani hesabu tumizi za msingi, wa HGL (historia, jiografia, Kiingereza) na HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) walioagana na hesabu kidato cha nne, na wa diploma waliotokea kazini. Wiki ya tatu tu, wa HKL wamehamia viti vya nyuma, hawaulizi kitu. Nimewaambia "mnaweza" mpaka basi, haisaidii. Nyie mlifanyaje?

Mtoto wa HKL: Mkuu, hao wa nyuma ndio mimi wa zamani. Mwalimu wetu wa semina alileta matokeo ya sensa ya 2022: wastani wa kaya Tanzania ni watu 4.3. Akasema kila kundi liandike aya ambayo mwenyekiti wa kijiji ataielewa. Wakali wa hesabu wakaandika "watu 4.3" wakakwama hapo. Mimi nikaandika kwamba ukikusanya kaya kumi utapata kama watu 43, ila nyingine ina wawili na nyingine ina tisa. Akanikabidhi chaki nieleze ubaoni. Tangu siku hiyo wa EGM wakawa wananifuata niwapitishie ripoti zao, na mimi nawabana wanieleweshe fomula. Sikuogopa tena kuuliza, maana na mimi nilikuwa na cha kutoa.

Bwana Shamba: Naunga mkono. Sisi wa diploma wengine hutuona kama tumepita dirishani. Mwalimu aliponiuliza mbele ya darasa tunavyokadiria mavuno ya mahindi shambani, nikaeleza nusu saa nzima. Heshima ikaja yenyewe.

Mama Semina: Yote sawa, lakini msiruke msingi. Asiyejua asilimia na kusoma grafu hata umsifu vipi atakata tamaa kwenye test ya kwanza. Mimi huwaweka jioni kwa hayo tu, mapema, kabla sapu (mitihani ya marudio) hazijaanza kunukia. Na kazi za makundi ziangalieni sana: mmoja anafanya, wengine wanaandika majina. Namchagua yeyote ajibu kwa mdomo, alama zake ni za kundi zima. Hapo wenyewe wanafundishana mpaka usiku.

Mdau wa Hosteli: Kuna wengine siyo tahasusi, ni bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) limechelewa. Muulize kwanza kama amekula.

Mwanzisha mada: Asanteni sana, Alhamisi naanza na hizo kaya. Mama Semina, asiyekuwepo siku ya kujibu unampaje alama?