Mtoto wa pumu kupimwa mzio wa vumbi kwenye ngozi: tupeane uzoefu

Mama Wawili: Wakuu, kijana wangu wa miaka 6 pumu haimwachii, usiku ndiyo balaa. Daktari anataka apimwe ngozi ijulikane kama ni utitiri wa vumbi, vile vijidudu vidogo vya kwenye magodoro. Waliopitia, inauma? Huyu sindano akiiona tu anatimua mbio.

Kipara: Haiumi. Wanadondosha matone mkononi, wanadonoa juu juu, damu haitoki. Kazi ni kumzuia asijikune dakika 15 nzima.

Subira: Nakazia hapo kwenye kujikuna!

Mama Tatu: Mmenikumbusha mbali. Binti yangu walimchora namba mkononi kwa kalamu, kila namba na tone lake. Tukakaa. Robo saa ikapita, ngozi imetulia tuli, hata tone la histamini, lile la kulinganishia, ambalo lazima livimbe. Muuguzi akanigeukia: "Mama, amekunywa dawa gani?" Nikaapa hajanywa kitu, vidonge vya aleji tulishasimamisha kama tulivyoagizwa. Mtoto akadakia: "Bibi alinipa ile ya mafua, tamu." Mama mkwe kainua macho anahesabu mbao za dari! Kumbe dawa ile nayo ina kizuia mzio ndani. Kipimo kikaahirishwa. Njia nzima kurudi hakuna aliyefungua mdomo.

Mtu Chake: Bibi alimwonea huruma mjukuu. Kwani ulimwambia?

Mama Tatu: Nilimwambia mbele ya mwanawe. Usinianze.

Kipara: Jamani, mada! Mama Wawili, dawa za mzio huachwa siku kadhaa kabla, daktari akupangie. Pampu ya pumu aendelee nayo, haiharibu kipimo. Siku hiyo akiwa amebanwa kifua, msilazimishe, hawatampima.

Domo Kaya: Biashara tu hizo. Tupa godoro, nunua jipya.

Subira: Hata jipya utitiri utahamia, chakula chake ni magamba ya ngozi zetu. Vika godoro na mto foronya maalumu za kuzuia utitiri, shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60.

Baba Pacha: Wangu wote wawili walivimba kwenye tone la utitiri. Mmoja ana pumu, mwenzake hata chafya hana. Tukaambiwa kuvimba peke yake si ugonjwa, lazima kulingane na dalili.

Domo Kaya: Si nilisema biashara?

Baba Pacha: Soma tena, taratibu.

Mama Wawili: Mama Tatu, mlirudia?

Mama Tatu: Tulirudia. Kipele cha utitiri kikazidi hata cha histamini. Bibi tulimwacha nyumbani.